Uso Uliochakazwa na Mabusu

Baba Daktari aliniuliza mara moja tu.

"Wakesho, ni wewe?"

Alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, sebuleni, nyumbani kwa bintiye, mtaa wa Baghdadiyah kule Jeddah, asubuhi baada ya chai. Kitabu kilikuwa wazi mbele yake juu ya mto. Pale palipokuwa na uso wa Mama Maria palibaki doa la rangi ya maziwa yaliyoganda. Buluu ya joho lake ilikuwa imetambaa mpaka kwenye maandishi. Dhahabu iliyokuwa nyuma ya kichwa chake imebanduka, vipande vimetapakaa kwenye mto kama magamba ya dagaa. Na mimi nimesimama pale na kitambaa mkononi.

Kitambaa kikavu, mabinti. Cha kupangusia meza. Nilikuwa nacho kwa sababu nilikuwa napangusa meza nilipoitwa. Lakini nani angejisumbua kukigusa ajue kama ni kikavu?

Majid, mtoto wa kaka wa Baba Daktari, alikuwa amesimama nyuma ya kile kiti, mkono begani mwa ami yake. Akasema kwa Kiarabu, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto alale: "Hawa makadama wa kazi za nyumbani, ami, wakiona doa hawawezi kujizuia. Si ndiyo kazi yao?"

Kiarabu changu chote cha miaka tisa kilinitoroka. Kilichonitoka mdomoni ni "mafi, baba, mafi". Hapana, baba, hapana. Mzee akafumba macho. Siku ya tatu nilikuwa kwenye ndege.

Sasa nyinyi mnakuja hapa kwangu Voi kabla hamjasafiri, mnaniuliza chakula chao kikoje, simu utaachiwa au utanyang'anywa, madam akiwa mkali unafanyaje. Hayo huwa nawajibu, na sijawahi kumfukuza mtu. Lakini mkiuliza nilikuwa nafanya kazi gani, nikawaambia nilikuwa nachunga kitabu, mnacheka. Mmoja wenu aliniuliza, "Auntie, kitabu kina miguu?" Basi leo nawaandikia. Nimesoma mpaka darasa la sita, mtanisamehe mahali ambapo sentensi itachechemea.

Nilianzia Riyadh, mtaa wa Malaz, kwenye nyumba ya mzee mjane, daktari aliyestaafu. Kila mtu alimwita Baba Daktari. Binti yake Hanaan alikuwa ameolewa Jeddah. Pale Malaz tulikuwa mzee, mimi na vitabu. Vitabu vilijaza vyumba viwili. Siku yangu ya kwanza nilifanya nilichofundishwa chuoni Nairobi kabla ya kusafiri: nilijaza ndoo maji, nikatia dawa ya sakafu yenye harufu ya ndimu, nikaingia chumba cha vitabu na matambara mawili. Baba Daktari alikuwa anasoma. Aliinuka mbio, na yule alikuwa mtu wa kutembea kwa fimbo. "La, la, la, la." Akaipokonya ndoo, akaibeba mwenyewe mpaka bafuni, maji yanamwagikia kanzu yake. Nikasema halas, yameisha, nimefukuzwa kabla sijalala.

Hakunifukuza. Alimpigia simu Mzee Khelef.

Mzee Khelef ni mtu wa Unguja kwa asili. Wazazi wake walihamia huko mwaka ule wa sitini na nne, yeye akiwa amebebwa, na tangu hapo ni Msaudia wa kila kitu isipokuwa karatasi. Kazi yake kujalidi na kutengeneza vitabu vya zamani, kazi ya babake na babu yake. Alikuja na kikapu cha plastiki, akanitazama, akaitazama ndoo.

"Wewe ndiye uliyetaka kuviogesha?"

"Ndiyo, mzee."

"Na sabuni?"

"Na dawa ya ndimu."

"Basi mshukuru Mungu hukupata jiki," akasema. "Kaa hapo. Kiswahili chako kimekauka kama mkate wa juzi, lakini nakisikia."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Alinifundisha kupangusa kwa brashi ya manyoya ya mbuzi, kutoka mgongoni mwa kitabu kwenda nje, kamwe si kuingiza ndani, maana vumbi ukilisukumia mgongoni umelipa nyumba ya kukaa. Kitabu kizee hakifunguliwi kikalala chali mezani. Unakiwekea mito miwili pande zote, kama unavyoshika kichwa cha mtoto mchanga. Mikono unanawa, unakausha mpaka vidoleni katikati. Glavu hapana. Watu wa televisheni ndio wanavaa glavu nyeupe. Glavu haina hisia, inakwaruza ukingo wa karatasi na wewe hujui.

Vingi vya vile vitabu vilikuwa vya Kiislamu, vya dua na vya elimu, na Mzee Khelef alivijua kama watoto wa jirani. Lakini kimoja kilikuwa na sanduku lake peke yake, la mbao, na wageni hawakuonyeshwa. Baba Daktari alikinunua ujanani alipokuwa akisomea udaktari Ulaya. Kilikuwa kitabu cha sala cha Wakristo wa kale, wakati kila kitabu kilipoandikwa kwa mkono. Kidogo, unakifunika kwa viganja viwili. Siku sanduku lilipofunguliwa mbele yangu nilisahau kupumua. Sijawahi kuona buluu ile. Si ya anga, si ya kanga. Mzee Khelef akasema ni jiwe, lilisagwa, na lilitoka Afghanistan likapita mikononi mwa watu wengi mpaka likafika Ulaya, na pengine lilikuwa ghali kuliko hiyo dhahabu. "Sasa fikiri," akasema, "jiwe la nchi ya Waislamu kwenye joho la Mama Maria, na leo limerudi Riyadh. Vitu vinatembea kuliko sisi."

Nilikuwa na maswali mpaka nikamchosha. Kwa nini siku nyingine kwenye kalenda ya mbele zimeandikwa kwa dhahabu na nyingine kwa wino mweusi? Sikukuu. Kwa nini sala zimegawanywa mara nane? Akahesabu kwa vidole. "Sisi tano, nyinyi nane. Na bado mwachelewa." Kwa nini pembeni mwa sala kuna sungura anapiga baragumu, na konokono anapigana na mtu mwenye upanga, na nyani amevaa kofia ya kasisi?

"Wewe kanisani hujawahi kusinzia?" akaniuliza.

"Nimewahi."

"Basi huyo mchoraji alijua."

Mimi pia nilimfundisha kitu kimoja, na hiki sitakiachia mtu. Kurasa za kile kitabu si karatasi, ni ngozi. Ndama, walisema. Kwenye ukurasa mmoja kulikuwa na tundu la duara, dogo, na mwandishi alilizunguka kwa maneno yake kama mtu anayekwepa shimo barabarani. Baba Daktari na Mzee Khelef walikuwa wamekubaliana miaka mingi kwamba ni kisu kilichoteleza kwenye kukwangua. Mimi nimelelewa na mifugo kwetu chini ya milima ya Taita. Nikapitisha kidole. Nikasema, "Huyu ndama aliumwa na mdudu akiwa hai. Kidonda kikapona vibaya, ngozi ikawa nyembamba hapo. Walipoivuta ikapasuka yenyewe ikawa duara. Kisu kinaacha mstari."

Wakatazamana. Baba Daktari akachukua lenzi yake. Alikaa na ule ukurasa robo saa nzima, kisha akaniambia kwa Kiingereza chake cha hospitalini kwamba mimi ndiye mtu wa kwanza nyumbani mwake kumfanyia ndama yule uchunguzi. Tangu siku hiyo funguo ya sanduku ilikaa kwangu. Kadama wa darasa la sita, na funguo ile kiunoni. Sijui kama mnaelewa.

Na uso sasa. Kila picha ya kitabu kile ilikuwa kali kama imechorwa jana, isipokuwa moja. Mama Maria na mtoto, ukurasa mzima, na uso wake umefifia, una ukungu wa kahawia, pua haipo, macho mawili tu kwa mbali. Mimi ni msafishaji. Nikaona uchafu. Siku moja Mzee Khelef akiwa chumba cha pili nikachukua chembe za mkate mkavu, maana alikuwa amenifundisha kuondoa masizi kwenye majalada kwa mkate, nikaanza pembeni mwa shavu, taratibu. Akaingia. Hakupiga kelele. Alinishika kifundo cha mkono akakiinua kama unavyoinua kikombe kilichojaa.

"Ushafuta mangapi?"

"Kidogo tu. Ni uchafu, mzee."

"Si uchafu. Hapo watu walibusu. Mwenye kitabu alipokuwa akisali alikuwa akimbusu huyu mama. Kila siku, miaka kwa miaka, na bintiye baada yake, na mjukuu. Mate na midomo ndiyo imemla uso. Wewe waona doa. Hilo doa ndilo sala yenyewe. Maneno yamechapwa kwenye vitabu elfu. Hilo halipo pengine popote."

Nikauliza kama yeye, Mwislamu, haimpi shida kulinda busu la picha. Akasema amana haina dini, ina mwenyewe tu. Kisha akanisimulia kombe la kwao: maalimu anaandika aya kwa zafarani kwenye sahani, anaiosha kwa maji, mgonjwa anakunywa. "Kuna maandishi yaliyoandikwa yaoshwe. Haya hayakuandikwa yaoshwe. Mtu wa kazi hii ajue tofauti, basi. Mengine yote ni brashi."

Tena akanionyesha dhahabu inavyokaa. Wanapika uji mzito wa chokaa laini na gundi ya ngozi, na asali kidogo. Wanautia kwenye ngozi unakuwa na kimo, kama chunusi. Ukikauka, fundi anaweka mwanzi mdomoni anaupulizia. Ile asali inaivuta pumzi, uji unanata kidogo tu, na hapo hapo analaza jani la dhahabu, analisugua kwa jiwe laini mpaka ling'ae. Aliifanya mbele yangu kwenye kipande cha ngozi. Alipuliza, na dhahabu ikashika. Nikamwomba arudie. Akarudia mara nne, mzee wa watu, mpaka kifua kikamwishia.

Sasa mnajua nyote nilichokijua mimi. Kilichoshikishwa kwa pumzi, pumzi inaweza kukiachisha.

Mwaka wa tisa moyo wa Baba Daktari ulianza kumsumbua, miguu ikamwishia, Hanaan akataka ahamie kwake Jeddah. Riyadh ni kavu, midomo inapasuka, mkate ukiuacha nusu saa ni mbao. Kitabu kilikuwa kimezoea. Jeddah unatoka bafuni na hukauki. Mzee Khelef alinipa maagizo mlangoni pale Malaz, kidole juu.

"Sikiliza, mwanangu. Kule hewa yenyewe yapumua. Sanduku likifika lisifunguliwe siku saba. Liache chumbani, lizowee kidogo kidogo, na AC isiwe ya kuwasha na kuzima. Ukilifungua upesi ngozi itavimba, na ile dhahabu italegea. Na likitokea la kutokea, kinachodondoka hakitupwi. Hata kiwe kama chembe ya haradali. Kwenye bahasha, andika ukurasa gani."

Siku saba. Majid alikuja siku ya tatu.

Mzee alikuwa amelala baada ya chakula cha mchana, Hanaan kazini. Majid ana duka kubwa la vitu vya kale, na kwa muda mrefu alikuwa akimwomba ami yake kile kitabu, na ami yake akikataa. Siku hiyo alitaka kukipiga picha ampelekee rafiki yake. Alisema tu, "Funguo."

Nikamwambia siku saba. Nikamwambia habari ya hewa. Akacheka, si kwa ubaya, alicheka kama unavyocheka mtoto akikuambia mvua itanyesha. Akanyoosha mkono. Nikampa. Hapo mabinti msinitetee. Nilimpa.

Akakiweka chali mezani, bila mto. Akafungua ukurasa wa uso. "Yalla, shika hapa." Ngozi ilikuwa imeanza kujikunja, inataka kujifunga. Nikashika ukurasa kwa vidole viwili usije ukakatika. Akapiga picha, akaitazama, akakunja uso.

"Huyu mchafu. Mpanguse."

"Si uchafu, bosi. Ni busu."

"Nini?"

"Watu walikuwa wanambusu. Haifutwi."

"Wakesho," akasema, "miaka yote hii unakula hapa kwa kufuta." Akatoa mfukoni pakiti ya tishu zile za maji, za kupangusia watoto, zenye manukato ya waridi. Akafuta mara mbili. Muda wa kumeza mate. Mara ya kwanza uso ulitoka, mzima, ukahamia kwenye tishu kama ulikuwa unangoja kuondoka. Mara ya pili zilitoka buluu na dhahabu. Na ukurasa ulikuwa mkononi mwangu wakati wote. Nilipaswa kuuachilia. Nilipaswa kupiga kelele mpaka mzee aamke. Nilishika vizuri, kama nilivyofundishwa.

Yeye alishtuka kuiona ile tishu. Akakifunga kitabu kikiwa kibichi, akakirudisha sandukuni, akatupa tishu kwenye pipa, akaondoka bila kufunga viatu. Mimi nikaitoa tishu pipani. Nikaokota vipande vya dhahabu mezani kwa ncha ya brashi, vyote, nikavitia kwenye bahasha, nikaandika: uso, ukurasa wa Mama Maria. Nikasema usiku Hanaan akirudi nitamwambia. Alirudi amechoka, mtoto wake ana homa. Nikasema kesho. Hilo ndilo kosa langu la kazi, kubwa kuliko la ndoo na la mkate, na ninawaandikia hasa kwa ajili yake: kitu kikiharibika mbele yako, sema siku hiyo hiyo, hata nyumba ikiwaka. Anayesema kwanza ndiye anayeaminiwa. Majid alirudi asubuhi, akalibeba sanduku mwenyewe mpaka kwa ami yake, akasema limefunguliwa na mtu. Hayo mengine nimeanza nayo, na bahasha sikuthubutu kuitoa, maana tishu ikitoka kwangu ingenifunga mimi.

Kuna simu moja bado. Siku ile ile, mbele ya mzee na Hanaan, Majid alimpigia Mzee Khelef Riyadh, akaweka sauti ya nje.

"Khelef, kitambaa cha maji kinaweza kufanya hivi?"

"Kinaweza."

"Na Wakesho alizoea kupangusa vitabu?"

"Alizoea. Miye nilimfundisha."

"Halas. Shukran."

Nikangoja aongeze neno. Alijua sijawahi kukitia kitabu kile maji. Alijua mkono wangu. Simu ikakatika.

Majuzi alinipigia hapa Voi. Nilimjua kwa kukohoa kwake.

"Mwanangu, Hanaan amepata fundi wa kutengeneza ule ukurasa. Anasema rangi itarudishwa kiasi, lakini dhahabu ya pale, kama ingepatikana ile ile… Vile vipande ulivitupa?"

"Wewe ulinifundisha nini?"

"Visitupwe."

"Basi."

Nikasikia anavuta pumzi. "Alhamdulillahi," akasema, na najua alikuwa amefurahi kweli, kwa ajili ya kitabu.

Nikamwambia, "Mzee, uliulizwa kama kitambaa kinaweza. Kwa nini hukuuliza ni nani aliyekuwa nacho?"

"Wanangu wawili wako dukani kwa Majid. Na ikama zetu zote, vibali vya kuishi huku, ziko kwake, yeye ndiye kafili, mdhamini wetu. Wewe wajua hali yetu."

"Najua. Lakini mimi nilikuwa na jina tu, mzee. Sikuja kule na kitu kingine."

Akageuza maneno. Akaniambia Baba Daktari bado yupo, haongei sana, anasikia. Akaniambia kila baada ya siku chache anataka kitabu kifunguliwe ukurasa ule, anautazama, kisha anautikisia kichwa. Hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Yule mzee ataondoka duniani akidhani kwamba mtu aliyempa funguo ndiye aliyeufuta ule uso.

Kwa hiyo nasema hadharani, na mwenye kujua njia ya kumfikishia amfikishie. Bahasha ninayo. Ndani yake kuna dhahabu yote iliyodondoka mezani, na tishu ikiwa na uso mzima, na hata leo ukiifungua inanukia waridi. Sitaiuza na sitaichoma. Yule mama wa kwenye picha hakunikosea, na Hanaan hakunikosea. Akija yeye au mtu wake nitampa, na nitamwonyesha kipande gani kilikaa wapi, maana nakumbuka.

Mzee Khelef, safari hii wakikupigia, usijibu ulichoulizwa tu.

Na wewe Majid. Ami yako anasikia bado. Nenda Baghdadiyah, sebuleni, asubuhi baada ya chai. Usisimame nyuma ya kiti. Zunguka, simama mbele yake, pale niliposimama mimi, akuone mikono. Kisha lijibu lile swali aliloniuliza.